Thaddeus Stevens: Wakili Aliyetaka Walioachiwa Huru Wapewe Ardhi

Mwaka 1821 Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilisikiliza shauri la mwanamke Mweusi aliyeitwa Charity Butler. Alidai kwamba yeye na binti zake wawili hawakuwa watumwa tena. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1780 ilisema mtumwa aliyeletwa kutoka nje na kukaa Pennsylvania miezi 6 anakuwa huru. Charity alikuwa ameletwa kutoka Maryland mara kadhaa, akarudishwa, akaletwa tena, na hoja yake ilikuwa kwamba siku hizo zote zikijumlishwa, miezi inatimia. Wakili wa mwenye mtumwa akajibu kuwa siku za namna hiyo hazijumlishwi, sheria inataka miezi 6 mfululizo. Mahakama ikakubaliana naye. Mama na watoto wakabaki utumwani.

Wakili huyo aliitwa Thaddeus Stevens, naye alikuwa na miaka 29. Miaka 45 baadaye hapakuwa na mtu katika Bunge la Marekani aliyechukiwa na mabwana wa watumwa kumzidi yeye. Namna alivyotoka pale alipokuwa hadi pale alipofika ni sehemu kubwa ya historia ya Katiba ya Marekani kama inavyosomeka leo.

Stevens alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 katika kijiji cha Danville, jimbo la Vermont, kaskazini mwa nchi. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda tangu kuzaliwa, akachechemea hadi kufa. Kaka yake mkubwa alizaliwa na miguu yote miwili imepinda, na majirani wa enzi hizo hawakukawia kunong'ona kwamba ni adhabu ya Mungu kwa dhambi ya wazazi. Baba, mkulima na fundi viatu, aliitelekeza familia yenye watoto wanne wa kiume. Mama yao, Sarah, aliona kwamba mtoto asiyeweza kazi nzito ya shamba atapona kwa kalamu, akahamia kijiji cha Peacham kilichokuwa na shule nzuri. Thaddeus akasoma pale, kisha akahitimu Chuo cha Dartmouth mwaka 1814. Hakuwahi kusahau kwamba bila shule ile angekuwa kiwete maskini wa kijijini.

Baada ya chuo alikwenda mji wa York, Pennsylvania, akafundisha mchana na kusoma sheria usiku. Mawakili wa York walikuwa na kanuni iliyomzuia mtu mwenye kazi nyingine asikubaliwe katika uwakili. Stevens hakubishana nao. Alivuka mpaka hadi Bel Air, Maryland, akatahiniwa huko mwaka 1816. Husimuliwa kwamba mtihani wenyewe ulikuwa maswali machache na chupa kadhaa za mvinyo wa Madeira alizotakiwa kuwanunulia watahini. Akiwa na cheti chake alirudi Pennsylvania na kufungua ofisi katika mji mdogo wa Gettysburg.

Jina lake lilianza kuvuma mwaka 1817 alipomtetea mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji. Alishindwa, lakini waliomsikia mahakamani walianza kumpelekea mashauri yao. Alikuwa na sauti nzito, kumbukumbu kali na kejeli iliyoumiza. Alipata fedha, akanunua nyumba na ardhi, baadaye akaingia katika biashara ya matanuri ya kuyeyushia chuma. Alipata ugonjwa uliomwondolea nywele zote akiwa bado kijana, akavaa wigi maisha yake yote wala hakujali kama limekaa upande. Hakuoa.

Shauri la Charity Butler lilitoka katika kipindi hicho cha kupanda. Stevens hakuacha maelezo ya kile kilichopita moyoni mwake baada ya ushindi ule. Kinachojulikana ni matendo yaliyofuata. Mwaka 1823, katika karamu ya sikukuu ya uhuru, aliinua glasi yake na kuomba rais ajaye awe mtu ambaye hajawahi kumfunga binadamu mwenzake minyororo. Tangu hapo aliwatetea watumwa watoro waliokamatwa Pennsylvania, mara nyingi bila malipo, akiitumia dhidi ya mabwana sheria ileile aliyowahi kuwatumikia nayo. Aliijua kila pengo lake.

Alichaguliwa kuingia bunge la Pennsylvania mwaka 1833 kwa tiketi ya chama kilichopinga Freemasons. Wanachama wake waliamini kwamba udugu wa siri unawapa watu wachache upendeleo serikalini na mahakamani. Chama hicho hakikudumu, lakini miaka michache tu ilimtosha Stevens kuacha alama. Mwaka 1834 jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya shule za umma zinazogharimiwa na kodi, na wananchi wengi wakaja juu. Wenye mashamba makubwa hawakutaka kusomesha watoto wa wengine, na makanisa yaliyokuwa na shule zake yaliona yanaingiliwa. Mwaka uliofuata Seneti ya jimbo ilipiga kura kuifuta sheria hiyo, na kila dalili ilionyesha kuwa Baraza la Wawakilishi lingefanya hivyo pia. Wapiga kura wa Stevens mwenyewe walimtaka aunge mkono kufutwa kwake.

Tarehe 11 Aprili 1835 alisimama bungeni akafanya kinyume cha walichomtuma. Aliuliza kwa nini mtu analipa bila kunung'unika kodi ya kuwafunga wahalifu gerezani, halafu anaichukia kodi ya kumfundisha mtoto asije akawa mhalifu. Alisema mtoto wa maskini hawezi kusoma kwa hisani, maana hisani humpachika jina la ufukara mbele ya wenzake. Asome kwa haki. Alipomaliza, upepo ulikuwa umegeuka. Baraza lilikataa kuifuta sheria, na shule za umma za Pennsylvania zikabaki. Stevens aliwaambia watu baadaye kwamba hiyo ndiyo kazi aliyojivunia kuliko zote.

Miaka miwili baadaye alikuwa mjumbe wa mkutano wa kuandika upya katiba ya jimbo. Wenzake waliingiza neno moja katika kifungu cha haki ya kupiga kura, nalo likawanyima kura wanaume Weusi waliokuwa huru. Mkutano ulipofika mwisho mwaka 1838 na wajumbe wakaitwa kutia saini, Stevens alikataa kuweka jina lake.

Mwaka 1842 alihamia mji wa Lancaster akiwa amezama katika madeni ya biashara ya chuma, yaliyokisiwa kupita dola 200,000. Aliyalipa polepole kwa kazi ya uwakili. Huko ndiko alikokuja Lydia Hamilton Smith, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika na Kizungu, mama wa wana wawili, kusimamia nyumba yake. Alikaa naye zaidi ya miaka 20. Maadui walieneza maneno kuhusu uhusiano wao, na Stevens hakujisumbua kuyajibu. Alimwita Bi Smith mbele ya wageni na kutaka nao wamwite hivyo, jambo ambalo wazungu wa wakati huo hawakuwafanyia wanawake Weusi. Mwanzoni mwa karne hii wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kisima cha zamani nyuma ya ofisi yake mjini Lancaster, wakakuta dalili kwamba kilitumika kuwaficha watumwa watoro waliokuwa wakielekea kaskazini.

Alichaguliwa kuingia Bunge la taifa mwaka 1848. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha sheria iliyowalazimisha raia wa majimbo ya kaskazini kusaidia kuwakamata watoro, naye akaipinga kwa ukali. Mwezi Septemba 1851 sheria hiyo ilimwaga damu karibu na nyumbani kwake. Edward Gorsuch, bwana wa watumwa kutoka Maryland, alifika kijiji cha Christiana kuwadai watu wake. Wakazi Weusi walikuwa na silaha na walikuwa wamejiandaa, Gorsuch akauawa. Serikali iliwashtaki watu wapatao 38 kwa uhaini. Wa kwanza kufikishwa mbele ya juri, Philadelphia, alikuwa Castner Hanway, mzungu mwenye mashine ya kusaga nafaka, ambaye kosa lake lilikuwa kukataa kuwasaidia wakamataji. Stevens alikuwa miongoni mwa mawakili wake. Upande wa utetezi ulihoji inawezekanaje mtu asiye na silaha, aliyefika akiwa juu ya farasi, aambiwe ametangaza vita dhidi ya Marekani. Juri halikuchukua hata nusu saa kumwachia, na mashtaka ya wengine yakafa.

Aliondoka Bungeni mwaka 1853, akarudi mwaka 1859 kwa tiketi ya chama kipya cha Republican, akiwa na umri wa miaka 67. Wengi wa rika lake walikuwa wamestaafu. Abraham Lincoln aliposhinda urais na majimbo ya kusini yakajitenga, Stevens alipewa uenyekiti wa kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilihitaji fedha kuliko hazina ilivyokuwa nazo, na kamati yake ndiyo iliyopitisha kodi mpya, mikopo, na mwaka 1862 noti za karatasi zilizolipia jeshi. Huku akitafuta fedha, alikuwa akimsukuma Lincoln asingoje: awaachie watumwa huru na awape bunduki.

Kusini hawakumsahau. Mwezi Juni 1863 jeshi lao lilipoingia Pennsylvania, Jenerali Jubal Early alifika kwenye kiwanda cha chuma cha Stevens, Caledonia, akaamuru kichomwe moto, kwa sababu ya mwenye kiwanda. Siku chache baadaye majeshi mawili yalikutana Gettysburg, mji uleule aliofungulia ofisi yake ya kwanza.

Tarehe 31 Januari 1865 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa, kwa kura 119 dhidi ya 56. Mwezi Aprili vita vikaisha na Lincoln akauawa. Urais ukamwangukia Andrew Johnson wa Tennessee, mtu aliyechukia matajiri wa kusini lakini hakutaka Weusi wawe raia sawa naye. Alianza kutoa msamaha kwa waasi na kuwarudishia mali. Mabunge ya kusini yakatunga sheria zilizomruhusu sherifu kumkamata mtu Mweusi asiye na mwajiri, akamtoza faini, kisha akamkodisha kwa mwenye shamba atakayeilipa. Utumwa ulikuwa umetolewa mlangoni, sasa ulikuwa unaingia dirishani.

Majimbo hayo yalichagua pia wabunge, baadhi yao wakiwa viongozi wa uasi, wakawatuma Washington kuchukua viti. Tarehe 4 Desemba 1865 ukumbi ulijaa. Katibu wa Baraza, Edward McPherson, mzaliwa wa Gettysburg aliyelelewa kisiasa na Stevens, alianza kusoma majina ya wajumbe. Alipofika kwenye majimbo yaliyoasi aliyaruka. Mmoja wa walioachwa aliinuka kupinga, lakini mtu ambaye jina lake halijasomwa hana ruhusa ya kusema. Mpango ulikuwa umeandaliwa mapema, na aliyeuandaa alikuwa mzee mwenye wigi, ameketi kitini pake. Bunge likaunda kamati ya wajumbe 15 kuamua masharti ya kuyapokea tena majimbo ya kusini, na Stevens akawaongoza wale waliotoka Baraza la Wawakilishi.

Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa ameshasema mbele ya watu wa Lancaster nini hasa anataka, na hapo ndipo alipowaacha nyuma hata wenzake wa chama. Waswahili husema mnyonge hana haki. Stevens aliamini kwamba haki haimfikii mnyonge kwa kutangazwa, na kwamba mtu aliyeachiwa huru bila ardhi, bila nyumba na bila senti atarudi kwa bwana wake wa jana kuomba kazi, na bwana huyo atapanga masharti. Akapiga hesabu. Waasi wakubwa, kila mmoja akiwa na zaidi ya ekari 200, hawakufika 70,000, nao pamoja na majimbo yao walishikilia ekari milioni 394. Ardhi hiyo itaifishwe. Kila mwanamume mzima aliyekuwa mtumwa apewe ekari 40. Wakiwa milioni moja, zitatumika ekari milioni 40 tu. Zilizobaki ziuzwe, zilipe deni la vita, pensheni za askari na hasara za raia waliobaki waaminifu. Wakulima wadogo wa kusini wasiguswe.

Wabunge wa kaskazini waliokuwa tayari kufuta utumwa walisita hapo. Magazeti yaliuliza: serikali ikishagawa mashamba ya Mississippi, wafanyakazi wa viwanda vya Massachusetts watadai nini kesho? Wenye viwanda vya nguo walitaka pamba, na mkulima mwenye ekari zake 40 huenda angepanda mahindi ya kulisha wanawe kwanza. Familia nyingi za Weusi huko South Carolina na Georgia zilikuwa zimeshapewa viwanja na Jenerali Sherman wa jeshi la kaskazini mwanzoni mwa mwaka 1865, lakini Johnson aliamuru zinyang'anywe. Stevens alileta muswada wake wa ardhi mwezi Machi 1867, ukakwama. Walioachiwa huru wakaingia katika kilimo cha kugawana mavuno na mwenye shamba, na madeni ya dukani yakawafunga kizazi baada ya kizazi.

Alichopata ni sheria. Mwaka 1866 Bunge lilipitisha Marekebisho ya 14, yanayomfanya kila aliyezaliwa Marekani kuwa raia na kulikataza jimbo lolote kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Stevens alitaka zaidi ya hayo. Kura kwa Weusi haikuwamo waziwazi. Aliwaambia wenzake kwamba anayakubali yakiwa na upungufu wake kwa sababu anaishi kati ya wanadamu, na malaika hawako humo Bungeni. Mwezi Machi 1867, kwa kuishinda kura ya turufu ya rais, Bunge liliweka majimbo 10 ya kusini chini ya jeshi na kuamuru kila mwanamume Mweusi mtu mzima aandikishwe kupiga kura. Watu waliokuwa wakiuzwa mnadani miaka michache nyuma walianza kuketi katika mikutano ya kuandika katiba za majimbo yao.

Rais na Bunge hawakupatana tena. Johnson alipomfukuza waziri wa vita Edwin Stanton mwezi Februari 1868, kinyume cha sheria mpya iliyomzuia kumwondoa bila idhini ya Seneti, Baraza la Wawakilishi lilimshtaki kwa kura 126 dhidi ya 47. Alikuwa rais wa kwanza wa Marekani kufikwa na hilo. Kufikia hapo Stevens hakuweza kutembea. Vijana wawili walimbeba kwenye kiti kumwingiza ukumbini, naye aliwatania akiwauliza nani atambeba wao wakishakufa. Hotuba yake ya kumtaka rais aondolewe ilibidi imaliziwe na mtu mwingine kuisoma. Mwezi Mei maseneta 35 walimtia Johnson hatiani na 19 wakakataa. Ilipungua kura moja kufikia theluthi mbili zilizotakiwa kumwondoa.

Stevens alifariki Washington usiku wa manane wa tarehe 11 Agosti 1868, Bi Smith akiwa kando ya kitanda. Wiki mbili hivi kabla, Marekebisho ya 14 yalikuwa yametangazwa rasmi kuwa sehemu ya Katiba. Mwili wake uliwekwa katika ukumbi wa kuba la jengo la Bunge, ukilindwa na askari Weusi, na maelfu wakapita kutoa heshima. Alizikwa Lancaster, katika makaburi madogo ya Shreiner. Aliyachagua mwenyewe, kwa kuwa makaburi mengine ya mji yalizuia watu kwa rangi yao, na aliagiza sababu hiyo iandikwe kwenye jiwe la kaburi lake. Wosia wake ulimtunza Bi Smith na kutenga fedha za nyumba ya watoto yatima itakayowapokea bila kujali rangi. Fedha hizo ndizo zilizozaa chuo cha ufundi kilichopo Lancaster mpaka leo, chenye jina lake.

Mwaka 1877 majeshi yaliondolewa kusini na kura ya Mweusi ikaporwa kwa vitisho, mauaji na hila za sheria. Kwa miaka mingi vitabu na filamu vilimchora Stevens kama kiwete mwenye chuki aliyetaka kulipiza kisasi. Filamu ya mwaka 1915 iliyowatukuza Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi waliowatisha na kuwaua Weusi, ilimfanya kielelezo cha mhusika wake mwovu. Lakini maneno aliyoyapigania yalikuwa yameshaingia katika Katiba na hayakufutwa. Mwaka 1954 mawakili waliovunja ubaguzi katika shule za Marekani walishinda kwa kutegemea ulinzi sawa wa sheria ulioandikwa mwaka 1866.

Kwa hiyo hukumu ya historia juu yake ina sehemu mbili. Katika sheria alishinda, ingawa ushindi ulichelewa karibu karne nzima kuwafikia waliokusudiwa. Katika ardhi alishindwa, na kushindwa huko ndiko kulikowapa mabwana wa zamani nguvu ya kuichelewesha sheria. Alikuwa ameonya hivyo tangu Lancaster mwaka 1865. Mwaka 1989 John Conyers wa Michigan, mwanasheria mwingine aliyekuwa mbunge, aliwasilisha muswada wa kuunda tume ya kuchunguza fidia kwa wazao wa watumwa. Katika vipindi vya Bunge vilivyofuata ulipewa namba 40, kukumbusha zile ekari. Umeletwa tena na tena tangu wakati huo, na haujawahi kuwa sheria.